Testa inawaka matundu yote mawili ila friza haliwaki, nifanyaje?

SWALI

Shikamoo fundi. Mi nipo Mikindani huku Mtwara, naishi na mama na wanangu wawili, nauza samaki wa kugandisha na barafu kwaiyo friza ndo linatulisha wote hapa ndani, na nakuandikia usiku huu maana nina changu na pweza humo na maji yameshaanza kutoka kwenye mlango.

Iko ivi. Sebuleni kwetu kuna soketi nne, zote dabo, nyumba aliijenga marehemu baba miaka ya tisini. Ya kwanza ipo karibu na mlango wa korido, hapo inakaa tivii na king'amuzi. Ya pili iko nyuma ya kochi, tunachajia simu na sabufa ya mdogo wangu. Ya tatu ndo ya friza. Ya nne iko chini ya dirisha, tunapigia pasi na mama anachemshia maji ya chai kwenye birika la umeme. Kama wiki mbili nyuma friza likaanza tabia, linazima lenyewe alafu linawaka, nikaja kugundua watoto wakisukuma kochi linarudi, ikawa likizima tu tunaenda kutikisa kochi. Siku zingine nasikia mlio chrr chrr hivi ukutani ila nikisogea unaacha. Jumamosi friza likazima jumla, na soketi ya dirishani nayo ikafa saa ileile. Zile mbili za kwanza zinafanya kazi vizuri na taa zote ndani zinawaka kama kawaida.

Mi sio mtu wa kukaa kusubiri, holda za taa nabadilisha mwenyewe na plagi ya pasi niliifunga mwenyewe, kwaiyo nikanunua soketi mpya, nikazima meni swichi, nikabadilisha ile ya friza, waya nikarudisha vilevile nyekundu palipokuwa nyekundu na nyeusi palipokuwa nyeusi. Nikawasha, hola. Nikachukua testa, na hapo ndo nimechanganyikiwa fundi maana tundu la kulia inawaka, na la kushoto nalo inawaka! Friza likiwa limechomekwa kwenye upande wa pili wa soketi hiyohiyo. Yani umeme upo mpaka umezidi alafu friza halisemi kitu.

Kuna kaka mmoja hapa mtaani anajiita fundi, kaja kaangalia dakika mbili kasema nyutro, yani waya wa kurudisha umeme, imekufa ndani ya ukuta, kuitafuta ni kubomoa, dawa yake ni kuchukua ule waya wa kijani wa athi, unaokwenda ardhini, tuufanye nyutro, kazi ya nusu saa elfu ishirini, na anasema kashafanya hivyo nyumba nyingi. Nikawaza kama ni kuunga tu waya si naunga mwenyewe hiyo elfu ishirini nikanunulie barafu. Ila moyo ukasita kidogo ndo nikasema nikuulize kwanza.

Kuna mambo mengine mawili sijui kama yanahusu. Sebuleni kuna harufu karibu mwezi sasa, kama samaki aliyelala, mama ananilaumu kwamba friza langu linanuka, nimeliosha na ndimu mara tatu harufu iko palepale, na jioni ndo inazidi. La pili, juzi mama kagusa mlango wa friza ametoka kudeki, miguu peku, kasema limemng'ata kama sindano.

Nisaidie mzee wangu, nibadilishe nini? Au niunge hiyo athi?

Mama Wawili, Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Athi usiiunge. Hilo naliweka mbele kabisa ili hata ukiishia kusoma hapa uwe umelipata, sababu nitakueleza huko chini na nitaieleza kwa kirefu maana huyo kaka anasema kashafanya nyumba nyingi na mimi nikiwaza hizo nyumba nyingi silali.

Tuokoe samaki kwanza. Chomoa kila kitu kwenye soketi ya pili, ya tatu na ya nne, kila kitu hata chaja ya simu, na waambie watoto na mdogo wako kwamba hapo hapaguswi mpaka kazi iishe. Alafu lisogeze friza lenyewe mpaka soketi ya kwanza ya mlango wa korido, tivii ipumzike, chomeka moja kwa moja ukutani usipitishe kwenye ekstensheni. Ukilichomeka, vaa ndala kavu, simama pakavu, gusisha testa kwenye chuma cha friza kisichopakwa rangi, zile skrubu za nyuma zinafaa. Testa ikiwaka hapo, chomoa, nunua barafu kwa wenzio, panga samaki na barafu uzibe vizuri, na friza lisiguswe tena mpaka athi ipimwe. Isipowaka, acha liendelee kugandisha ila bado wote ndani mligusie na ndala miguuni, usiku huu tu na kesho.

Sasa tuongee hiyo harufu, maana ndo imenifanya nikae wima niliposoma barua yako. Mtu wa Mikindani anayeuza samaki akisikia harufu ya samaki sebuleni atawaza nini kingine zaidi ya samaki? Ila kuna plastiki ngumu wanazotengenezea soketi na plagi, zikipata moto kupita kiasi, kabla hata hazijatoa moshi, zinatoa harufu ya samaki, wengine wanaisikia kama mkojo. Niliwahi kuitwa nyumba moja Lindi mjini wameshatupa kapeti zima wakijua paka kakojoa, kumbe ni soketi nyuma ya kabati inaungua polepole. Ndimu haitoi harufu hiyo. Na umesema mwenyewe inazidi jioni, jioni ndo mama anachemsha chai na watu wanapiga pasi za kesho. Mwanangu hiyo harufu ilikuwa inawaita mwezi mzima.

Nenda nyuma ya kochi sasa hivi, weka mgongo wa mkono juu ya kifuniko cha soketi ya pili, tazama kwa tochi ya simu kama plastiki imebadilika rangi kuwa ya njano au kahawia kuzunguka matundu. Nina uhakika mkubwa mgonjwa ni huyo, yaani soketi inayofanya kazi, sio ile iliyokufa uliyoibadilisha.

Najua inashangaza. Iko hivi, nyumba nyingi za mtaani kwetu fundi alivuta waya kutoka kwenye breka mpaka soketi ya kwanza, pale akaunganisha waya mwingine kwenye skrubu zilezile kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya nne, ikaishia hapo. Kuna nyumba waya unazunguka kutoka soketi ya mwisho unarudi mpaka kwenye breka, na ingekuwa hivyo kwenu mkato mmoja usingezima kitu, soketi zingepata umeme kwa upande wa pili usijue kama kuna shida. Kwenu mbili za mbele zinawaka mbili za nyuma zimekufa, kwaiyo ni mnyororo, na mnyororo ukikatika unatafuta pete ya mwisho nzima na pete ya kwanza iliyokufa, ubovu uko kati yao au kwenye skrubu zao. Ya tatu umeshaifungua na waya umezifunga upya. Imebaki ya pili. Yenyewe inapata waya unaoingia kwaiyo inawaka, ila waya unaotoka kwenda kwa friza umelegea kwenye skrubu. Kochi likisukumwa linasukuma plagi, plagi inasukuma soketi, waya unagusa, friza linawaka. Na ule mlio chrr chrr ni cheche, umeme unaruka kakipenyo kadogo kati ya waya na skrubu, na kila ukiruka unaunguza shaba kidogo na plastiki kidogo.

Utaniuliza mbona breka haikuanguka. Breka inaangalia kama umeme unaopita umezidi kipimo chake, au kama laivu, waya unaoleta umeme, imegusana na nyutro moja kwa moja. Waya uliolegea hauzidishi kitu, unapitisha umeme uleule wa friza na birika, tofauti ni kwamba pale kwenye skrubu njia imekuwa nyembamba na panachemka. Birika la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9, pasi ya wati 1000 inaongeza zaidi ya 4, zote hizo zilikuwa zinapita kwenye ile skrubu moja nyuma ya kochi kila jioni. Ndo maana watu wengi nyumba zinaungua breka ikiwa imesimama vizuri.

Twende kwenye testa maana hiyo imewachanganya hata mafundi. Umeme una waya wa kuuleta ambao ni laivu, na waya wa kuurudisha ambao ni nyutro, na kitu hakifanyi kazi mpaka uende na urudi. Nyutro yenu imekatika huko nyuma ya kochi. Sasa friza likiwa limechomekwa, umeme unaingia kwa laivu, unapita ndani ya friza, unatokea kwenye nyutro, unakuta njia imeziba, unasimama pale. Mtaro ukiziba maji yanarudi mpaka kwenye karo, ndo hivyohivyo, ule waya mweusi wote kuanzia ulipokatika mpaka dirishani umejaa umeme. Testa kazi yake ni kukwambia hapa kuna umeme, haiwezi kukwambia kama kuna njia ya kurudi. Kwaiyo inawaka kulia, inawaka kushoto, na friza limekaa kimya.

Hata bila kufungua kitu unaweza kuthibitisha. Vitu vyote vikishachomolewa kuanzia ya pili mpaka ya nne, pima tena lile tundu la kushoto kwenye soketi ya friza, litazima au litawaka kwa mbali sana kama kimulimuli, maana hakuna kitu cha kupitisha umeme kuja upande ule. Kama una mita ya kupimia volti ndo vizuri zaidi: kati ya kulia na kushoto haitasoma 230, inaweza kusoma namba ya ajabu inayopandashuka, ila kati ya kulia na tundu la juu la athi ikisoma karibu na 230 basi laivu ni nzima na kilichokufa ni nyutro. Na ukumbuke tafadhali, huo waya mweusi unaoitwa wa kurudisha, kwenye hali hii unaua sawasawa na mwekundu. Watu wengi wanaguswa hapo, wanajua nyutro haina shida.

Kufungua soketi moja na kukaza skrubu sioni kama ni kazi ya kukushinda, umeshafunga soketi na plagi, mikono unayo. Ila fanya mchana, fanya mtu mzima mwingine akiwepo ndani, na fanya kwa mpangilio huu.

Zima breka ya soketi, alafu zima na meni swichi, umwambie mama asimame pale asije mtu akawasha kwa sababu ya mpira. Mita ya LUKU na waya zinazoingia huko juu bado zina umeme hata ukizima kila kitu, hizo na sili yake usiziguse kabisa, sio zako. Testa kabla hujaiamini ipime kwanza kwenye soketi ya kwanza umeme ukiwepo uone inawaka, kisha zima, pima ya pili, matundu yote, kisha washa tena upime ya kwanza uhakikishe testa haijafa katikati ya safari, kisha zima tena. Usumbufu, najua, ila nimewahi kushuhudia testa mbovu, haikuwaka, na mwenzangu akashika. Alipona, mkono wake wa kulia mpaka leo vidole viwili havikunji.

Legeza skrubu mbili za kifuniko, kivute taratibu waya zisichomoke, piga picha na simu kabla hujagusa chochote. Utaona waya nyekundu mbili kwenye skrubu ya L (laivu), nyeusi mbili kwenye ya N (nyutro), kijani mbili kwenye ya E (athi). Ninachotegemea utakiona ni hiki: moja ya zile nyeusi gamba lake limekunjamana na kuwa gumu kama kamba iliyoungua, shaba yake haing'ai, imekuwa nyeusi au ina ule ukungu wa kijani, na skrubu yake unaizungusha kwa bisibisi inakwenda bila kukaza. Ule ukijani ni chumvi ya bahari, upepo wa huku kwetu unaingia mpaka ndani ya ukuta, nyumba za Mikindani na Shangani na Lindi pale karibu na maji zote zina ugonjwa huo, na skrubu inapata moto na kupoa kila siku miaka thelathini, lazima ilegee. Mimi nyumba za ufukweni huwa nashauri soketi zifunguliwe na kukazwa hata kila baada ya miaka miwili, watu wanaona nawatafutia kazi ila sivyo.

Hiyo soketi usiikaze ukairudisha, ibadili. Ikishaungua vile vyuma vya ndani vinavyobana pini vinakuwa vimelegea, vitaunguza tena. Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa nyekundu, chuna gamba kama sentimita moja tu, shaba isionekane nje ya skrubu na gamba nalo lisibanwe na skrubu, hizo ndo kasoro mbili nazokuta kila siku. Ingiza waya zote mbili pamoja, kaza kwelikweli, alafu shika waya mmoja mmoja uuvute. Ukitoka mkononi bora umetoka sasa. Waya ukiwa mfupi baada ya kukata usiuvute kwa nguvu, ongeza kipande cha waya uleule wa 2.5 (milimita za mraba) na konekta ya skrubu, usisokote ukafunga solotepu, solotepu kwenye joto la huku inayeyuka gundi inafunguka yenyewe. Na kama ukikuta gamba limekauka na kupasuka kuelekea ndani ya bomba la ukutani mpaka huoni mwisho wake, simama hapo, funika, acha breka ya soketi ikiwa imezimwa, hiyo ni kazi ya kuvuta waya upya na hapo unamwita fundi.

Fuata herufi nyuma ya soketi, usifuate upande. Ukiitazama soketi kwa mbele laivu iko kulia, ukiigeuza inakuwa kushoto, wengi wanakosea hapo. Nenda kahakikishe hata ile mpya uliyofunga kwenye friza, maana testa ilipowaka kote haikuweza kukuthibitishia kama uliweka sawa. Waya zenu ni za rangi ya zamani, nyekundu laivu nyeusi nyutro. Siku hizi dukani utapewa kahawia ambayo ni laivu na bluu ambayo ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni athi, kwaiyo ukiongeza kipande uwe makini usichanganye.

Ukimaliza washa, anza na kitu kidogo, taa ya mezani au chaja kwenye ya tatu na ya nne. Ikikubali, chemsha birika moja kamili kule dirishani, umeme wote ule unapita kwenye skrubu ulizokaza, kisha kaguse soketi ya pili kwa mgongo wa mkono. Inatakiwa iwe ya baridi. Hapo sasa rudisha friza, ila likikatwa umeme lisubiri dakika kama tano kabla ya kuliwasha tena, mashine yake haipendi kustuliwa ikiwa bado imejaza presha. Na kama soketi ya pili ulikuta skrubu zote zimekaza na shaba inang'aa, basi nimekosea mahali pa ubovu, waya wenyewe umekatika ukutani, na hilo usiendelee nalo mwenyewe.

Haya, athi. Yule kaka kwa hili kakosea vibaya, na kwa kuwa soketi itawaka kweli akiunga, kila mtu atamshukuru. Waya wa kijani unatoka kwenye soketi unakwenda mpaka kwenye rodi iliyochimbiwa nje ya nyumba. Huo waya umeunganishwa na mabati yote ya friza, pasi, birika, kila kitu chenye pini tatu ndani ya nyumba nzima. Kazi yake ni kukaa bila kitu, ukisubiri siku waya wa ndani ugusane na bati ili umeme ukimbilie ardhini badala ya kwa mama. Ukiufanya nyutro, umeme wa kila siku utapita humo kwenda ardhini, na ardhi yetu ni mchanga. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze mchanga wa pwani unakauka, rodi iliyochimbiwa humo kuwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa omu 100 sio ajabu. Piga hesabu na mimi: birika la wati 2000 lina ukinzani wa omu kama 26. Umeme wa volti 230 unagawana kati ya birika na ardhi kufuatana na ukinzani wao, birika linapata kama volti 48, maji hata hayachemki, na volti 182 zilizobaki zinakaa kwenye waya wa athi. Na waya wa athi ndo bati la friza, ndo mlango anaoushika mama akiwa peku ametoka kudeki, ndo pasi anayoshika mwanao. Bila kitu chochote kuharibika. Na huo waya wa kijani ukilegea kwenye skrubu kama ulivyolegea mweusi, mabati yote yaliyo mbele ya hapo yanapata volti 230 kamili. Friza lenyewe litanguruma kwa umeme mdogo mpaka mota iungue. Elfu ishirini hiyo mwanangu.

Kama unamfahamu hata mmoja ambaye kafungiwa hivyo na huyo kaka, nakuomba umpelekee maneno haya.

Lile la kung'atwa mama silichukulii kirahisi. Friza lenye athi nzima halimng'ati mtu hata akiwa amelowa, kwaiyo kwenu athi ama imelegea kwenye soketi hiyohiyo ya pili ama imekatika huko nje kwenye rodi, nimeona rodi nyingi za pwani ule mshipi wa kubana waya umeliwa na kutu mpaka waya umeanguka chini na kuku wanauparua. Ukiwa unakaza za nyutro kaza na za E, alafu toka nje kaangalie kwa macho tu, usishike. Ila kupima athi kunahitaji kipimo chake, hilo na chochote kinachohusu boksi la breka muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, muombe akuoneshe leseni, aliye nayo haoni aibu kuitoa mfukoni. Umwambie akupimie ukinzani wa rodi na akuandikie namba.

Na zile chaja za pini mbili mnazochomeka kwa kutia kijiti au mfuniko wa peni tundu la juu, naomba ziishe. Kile kijiti kinafungua vizuizi vya ndani vilivyowekwa kwa ajili ya watoto, na pini nyembamba zinachezacheza mule zinalegeza vile vyuma, nina hakika soketi yako ya pili imekula vijiti vingi. Nunua adapta ya pini tatu, ziko kila duka.

Mwisho nijibu kitu kimoja ukipata nafasi. Kwenye boksi la breka, kuna swichi moja pana kidogo yenye kitufe kidogo kimeandikwa T, mafundi wanaiita RCD? Kama ipo, zima friza, bonyeza hicho kitufe uone kama inaanguka. Ikianguka inafanya kazi, na kama imeandikwa 30mA inaweza kukata umeme kabla haujamdhuru mtu. Isipoanguka au kama haipo kabisa, nyumba ya miaka ya tisini sitashangaa, basi fundi akija kupima athi aje nayo, na ukiwa huna hela ya vyote kwa pamoja anza na hiyo na rodi, mengine yatasubiri msimu wa samaki.